Mpangaji Aliyefikwa na Msiba Asitupwe Nje

Mtu wa mjini ana hofu nyingi, lakini iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kusikia mlango ukigongwa alfajiri ya siku ya kodi, naye hana kitu mkononi. Akikosa unga ataomba kwa jirani; nguo ikichakaa ataitia kiraka; lakini chumba hakiombwi wala hakitiwi kiraka. Akitolewa, vyombo vyake vikarundikwa nje mbele ya macho ya watu, hupoteza mengi kuliko paa. Watoto hukosa mahali pa kulala na kudurusu, mke hukosa meko, na yeye mwenyewe, kama ni fundi, hukosa mahali ambapo wateja walizoea kumtafuta. Ndipo deni dogo la miezi miwili huzaa umaskini wa miaka mingi.

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mpangaji wa namna moja tu. Hatumsemi yule mwenye uwezo wa kulipa akaamua kutolipa. Huyo dawa yake yajulikana, na dawa ya deni ni kulipa. Twamsema yule aliyekuwa akilipa kila ilipofika siku yake, kisha likamjia jambo kubwa lisilo la kosa lake: maradhi ya dunia nzima, gharika, moto wa soko, au vita. Je, huyu naye atolewe nje sawasawa na mkaidi? Sisi twasema la, hasha. Tena twasema kwamba huruma peke yake haitoshi kumlinda. Hana budi alindwe na sheria iliyotungwa kabla ya msiba kufika, sheria yenye baraza la kumsikiliza na yenye kumfikiria mwenye nyumba pia.

TULIYOYAONA WENYEWE

Wasomaji wetu hawajasahau mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, na mwezi huo huo shule zikafungwa. Ni kweli kwamba watu wetu hawakufungiwa majumbani kama ilivyokuwa katika nchi nyingine nyingi. Lakini watalii walikoma kuja, na hoteli za Unguja na za Arusha zikabaki tupu. Wapishi, madereva, waongozaji wa watalii, wafua nguo za hotelini, pamoja na walimu wa shule za binafsi ambazo hazikuwa na ada za kuwalipa, wote hao walijikuta hawana mshahara. Kodi ya nyumba haikujua habari ya korona. Iliendelea kuhesabiwa mwezi kwa mwezi.

Hali zilizofuata zilikuwa za namna mbalimbali. Wako waliopatana na wenye nyumba wao kwa heshima, wakalipa kidogo kidogo. Wako waliouza vitanda. Wako waliofunga mizigo wakarudi kwa wazee wao shamba. Na wako waliotolewa. Aliyepona na aliyeangamia hawakutofautiana kwa haki. Walitofautiana kwa bahati, yaani mmoja alimpata mwenye nyumba mwenye moyo mwema na mwingine hakumpata. Nasi twauliza: yafaa nchi yenye mahakama na mabaraza iache jambo zito namna hii litegemee bahati?

Wala korona haikuwa ya mwisho. Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, na wachuuzi wengi wakapoteza bidhaa zao usiku mmoja. Desemba 2023 maporomoko ya matope yaliushukia mji wa Katesh, huko Hanang, yakaua watu na kubomoa makazi. Katika bonde la Msimbazi maji huja karibu kila masika yanapokuwa makubwa. Kila msiba wa namna hii huacha nyuma yake watu ambao juzi walikuwa walipaji wazuri.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Kabla ya kwenda mbali, tufanye hesabu ndogo. Katika miji yetu mwenye nyumba aghalabu hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine hudai ya mwaka mzima. Tena dalali aliyekitafuta chumba huchukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Basi tuseme fundi cherehani wa Manzese anakaa katika chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Msiba umemwangukia, amechelewa miezi miwili, anadaiwa shilingi 120,000. Mwenye nyumba amtoa. Ili apate chumba kingine cha bei ile ile atatakiwa kutoa shilingi 360,000 za miezi sita na shilingi 60,000 za dalali, jumla shilingi 420,000. Mtu aliyeshindwa na kodi ya miezi miwili aambiwa alete ya miezi saba! Hapo ndipo tunapoona kwamba kumtoa mtu wa namna hii si kumfundisha kulipa. Ni kumwondolea kabisa uwezo wa kulipa.

Na mwenye nyumba naye apata nini? Shilingi 120,000 alizokuwa akidai amekwisha kuzikosa, kwa kuwa aliyetoka hana kitu. Chumba nacho, wakati mji mzima umepigwa na msiba ule ule, huenda kikakaa kitupu. Wote wawili wamepata hasara, na hapana aliyefaidi.

MAREKANI WALIFANYA NINI

Yafaa sasa tutazame nchi tajiri iliyojaribu kulitatua jambo hili, tujifunze mema yake na makosa yake. Nchini Marekani mamilioni ya watu walipoteza kazi katika majuma machache ya Machi na Aprili 2020. Tarehe 27 Machi ilitiwa saini sheria ambayo, pamoja na mambo mengine mengi, ilizuia kwa muda wa siku 120 kufungua kesi za kuwatoa wapangaji walioshindwa kulipa, katika nyumba zilizohusika na mikopo au misaada ya serikali kuu. Muda huo ulipokwisha mwezi Julai, wapangaji wakabaki uchi.

Ndipo tarehe 4 Septemba 2020 idara ya serikali ya kuzuia maradhi, iitwayo kwa kifupi CDC, ilipoanza kutumia amri ya kuzuia watu kutolewa majumbani kwa ajili ya kukosa kodi. Idara ilishika sheria ya afya ya mwaka 1944. Hoja yake yaeleweka na mtu yeyote: aliyefukuzwa nyumbani atakwenda kubanana kwa ndugu, au katika makao ya wasio na mahali, na maradhi yatakwenda pamoja naye. Kumlinda mpangaji kulikuwa ni kuwalinda na majirani zake.

Lakini amri ile haikuwa mlango wazi kwa kila mtu. Mpangaji alitakiwa kutia saini tamko, akijua kwamba akisema uongo atashitakiwa. Alitamka kwamba mapato yake hayazidi kiasi kilichowekwa, ambacho kwa mtu mmoja kilikuwa dola 99,000 kwa mwaka. Kwamba amekwisha kujitahidi kutafuta msaada wa serikali. Kwamba ameshindwa kulipa kwa sababu ya kupungukiwa mapato au kwa gharama kubwa za matibabu. Kwamba atalipa sehemu kadiri awezavyo. Na kwamba akitolewa hana pa kwenda ila barabarani au penye msongamano. Huu ulikuwa utaratibu wa busara, nasi twausifu. Ulimtenga mwenye shida na mjanja.

Hata hivyo amri ile ilikuwa na kasoro tatu, na kila moja yatufaa kwa mafunzo.

Kasoro ya kwanza ni kwamba iliahirisha bila kupunguza. Kodi haikusamehewa hata senti moja. Mwezi ulipita juu ya mwezi, na deni likapanda kama maji ya kisima yanayojaa usiku. Mpangaji alilala ndani, lakini alilala juu ya deni.

Kasoro ya pili ni kwamba fedha zilichelewa. Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 25 za kusaidia kodi mwishoni mwa Desemba 2020, karibu miezi minne tangu amri itolewe. Likaongeza dola bilioni 21.55 mwezi Machi 2021. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno. Lakini zilipitia majimbo na miji, penye fomu na maofisi yaliyokuwa hayajapata kufanya kazi ya namna hiyo. Ilipofika mwisho wa Julai 2021, zilizokuwa zimewafikia watu zilikuwa kama dola bilioni 5 tu, yaani kama sehemu moja katika tisa. Fedha zilikuwako ghalani, na mwenye njaa amesimama mlangoni.

Kasoro ya tatu ni ya msingi. Amri ilisimama juu ya sheria ya zamani iliyotungwa kwa mambo ya afya, bila kutaja kodi wala nyumba. Iliongezwa muda mara kadhaa, ikakoma mwisho wa Julai 2021. Mbunge Cori Bush, ambaye yeye mwenyewe alipata kufukuzwa katika nyumba zamani, alilala kwenye ngazi za jengo la Bunge akidai watu walindwe. Amri mpya ilitolewa tarehe 3 Agosti. Tarehe 26 mwezi huo huo Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikaitangua, ikasema kwamba idara imepita mamlaka yake, na kwamba jambo la namna hiyo lataka kauli ya Bunge. Siku moja ilitosha kuubomoa ukuta uliokuwa ukiwakinga watu.

Fundisho la Marekani basi ni hili: amri ya dharura ni kibanda cha makuti. Chafaa kwa mvua ya leo, lakini si nyumba. Nyumba yenyewe hujengwa wakati wa kiangazi.

WANAWAKE WA GLASGOW

Wako watakaosema kwamba mawazo haya ni mapya. Sivyo. Vita vikuu vya kwanza vilipoanza, Uingereza ilitunga sheria mwezi Agosti 1914 iliyozipa mahakama uwezo wa kumpa muda mdaiwa aliyeshindwa kulipa kwa sababu zilizotokana na vita, na kumzuia mdai asimtoe mtu katika nyumba bila kwanza kwenda mahakamani. Sheria hiyo haikufuta deni. Ilimtaka hakimu apime: mtu huyu ameshindwa kwa uzembe, au ameshindwa kwa vita?

Mwaka uliofuata yalitokea makubwa katika mji wa Glasgow. Watu walikuwa wamemiminika huko kufanya kazi katika viwanda vya meli na silaha, vyumba vikawa haba, na wenye nyumba wakapandisha kodi huku wanaume wengi wako vitani. Wanawake wa mtaa wa Govan, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Mary Barbour, walikataa nyongeza. Afisa wa mahakama alipokuja kumtoa mtu, kengele ilipigwa, nao wakaziba ngazi kwa miili yao na kumrushia unga. Inakadiriwa kwamba jamaa kama 20,000 waligoma. Tarehe 17 Novemba 1915, wapangaji 18 walipoitwa mahakamani, wafanyakazi wa viwandani waliacha nyundo zao wakaandamana pamoja na wanawake hao, na mashitaka yakaachwa. Mwezi Desemba Bunge likatunga sheria ya kurudisha kodi za nyumba ndogo kwenye kiwango cha Agosti 1914. Wala halikumsahau mwenye nyumba: riba ya rehani yake nayo ilizuiwa isipande.

Neno hilo la mwisho twaomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

SHERIA ZETU

Wakati wa vita vikuu vya pili sheria za namna hiyo zilifika Afrika ya Mashariki. Kenya ilipata yake mwaka 1940, na sheria zilizofuata ziliweka baraza maalumu la kodi za nyumba. Kasoro yake ni kwamba iliachiwa kikomo cha kodi ya shilingi 2,500 kwa mwezi, na bei za Nairobi zilipopanda, wapangaji wengi walijikuta wako nje ya ukingo wa sheria iliyotungwa kwa ajili yao. Uganda ilitunga sheria ya mwenye nyumba na mpangaji mwaka 2022, nayo yataka amri ya mahakama kabla ya mpangaji kutolewa.

Sisi Tanzania tumepita njia mbili zilizo mbali sana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nia ilikuwa kumkinga mnyonge, lakini wako waliopoteza jengo la pekee walilolijenga kwa jasho la maisha yao. Baadaye tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi, iliyokuwa na mabaraza ya nyumba, na iliyomtaka mwenye nyumba apitie barazani kabla ya kumtoa mpangaji. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa. Tangu hapo mambo ya kupanga yameachiwa zaidi mapatano ya watu wawili, chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1999, na ugomvi hupelekwa katika mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya.

Hatusemi turudi mwaka 1971. Hatusemi hata kwamba kila neno la sheria ya 1984 lilikuwa jema. Kodi ikishikwa chini miaka mingi, nyumba hazipakwi chokaa wala mpya hazijengwi. Lakini mapatano ya watu wawili, aghalabu ya mdomo tu, mmoja akiwa na ufunguo na mwingine akiwa na watoto wanne, si mapatano ya watu walio sawa. Na wakati wa msiba hali hiyo huzidi.

NA MWENYE NYUMBA JE?

Tumekwisha kusikia jibu la wenye nyumba, nalo si la kudharauliwa. Wenye nyumba wengi wa miji yetu si matajiri. Ni wajane, ni wastaafu waliotia kiinua mgongo chao chote katika vyumba vitatu vya uani. Kodi ndiyo pensheni yao, ndiyo dawa yao ya sukari. Ukimwambia mama huyo angoje miezi sita, umemhamishia yeye msiba wa mpangaji. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wakati mwingine mwenye nyumba ndiye mwenye njaa.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba mzigo wa msiba usimwangukie mmoja. Torati ilimkataza mdai kuingia nyumbani mwa mdaiwa kutwaa rehani. Asimame nje, angoje aletewe. Kurani nayo yafundisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki asubiriwe hadi apate nafasi. Vitabu vyote viwili havikulifuta deni, bali viliulinda utu wa mwenye deni. Wazee wetu walijua hayo zamani.

TUNAYOYAOMBA

Twaomba Bunge lifikirie mambo manne.

La kwanza, mtu asitolewe katika nyumba anamokaa bila amri ya baraza, iwe wakati wa msiba au wakati wa raha. Kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji au kubadili kufuli wakati mpangaji yuko kazini kuwe kosa lenye adhabu inayojulikana.

La pili, maafa yakitangazwa, baraza liwe na uwezo wa kumpa muda mpangaji atakayethibitisha kwa kiapo kwamba ameshindwa kwa sababu ya maafa hayo. Alipe sehemu awezayo, na deni lililobaki ligawanywe katika miezi itakayofuata. Mwongo aadhibiwe.

La tatu, mwenye nyumba asubiriwe kama anavyotakiwa kusubiri. Ikiwa ana mkopo wa benki juu ya nyumba hiyo, marejesho yasogezwe. Kodi ya jengo nayo ingoje. Tena kuwe na mfuko mdogo, wenye njia iliyokwisha kutengenezwa kupitia serikali za mitaa, utakaomlipa moja kwa moja mwenye nyumba mnyonge sehemu ya kodi yake. Mjumbe wa mtaa amjua mjane na amjua tajiri. Njia hiyo itengenezwe sasa, tusije tukarudia kosa la Marekani la kuwa na fedha bila ya njia.

La nne, kodi ya kulipwa mbele iwekewe kikomo. Mtu anayelipa mwezi kwa mwezi akipatwa na msiba huchelewa kidogo. Anayelipa miezi sita kwa mkupuo huanguka mara moja.

Haya si mambo makubwa. Hayahitaji mabilioni, wala hayamnyang'anyi mtu nyumba yake. Yahitaji tu kwamba tuyafanye leo, wakati hakuna gharika wala maradhi, wakati mpangaji na mwenye nyumba waweza kuketi pamoja bila hasira. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ukuta unaojengwa usiku, katikati ya mvua, hausimami muda mrefu.